Mahali pa Mkeka wa Kaaha

Jumatatu, 6 Machi 1995

Mwalimu Nimo wa ngumbaru, shule yetu ya watu wazima, ametuambia kila mtu aandike kila siku, hata mstari mmoja, ili mkono usisahau. Darasani tuko wazee wengi lakini ni mimi peke yangu ninayeandika bila kutoa ulimi nje. Basi naanza.

Mimi ni Korane Abdow wa Garissa, nyumba iliyo kando ya barabara, karibu na soko la mifugo. Ngamia wangu walijulikana mpaka Habaswein kabla kiangazi hakijawamaliza. Baadaye nilifanya kazi kwenye kambi ya barabara, na mawe meupe yaliyozunguka bendera pale kambini niliyapanga mimi, kwa mikono hii. Mhandisi alisimama akayatazama, akasema, "Safi." Kuna watu wamesoma mpaka macho yakaharibika na hakuna mhandisi aliyewahi kuwaambia safi.

Leo Kaaha ameondoka. Kaaha ni mke wangu. Amepanda lori la Duale kwenda Sangailu, kwa binti yetu Samsam ambaye karibu atajifungua, na atakaa naye mpaka arubaini iishe. Hilo ni la kawaida. Yasiyo ya kawaida ni maneno aliyoniachia akiwa ameshakaa juu ya magunia, watu wote wakisikia.

"Korane, nimelala na mbuzi nikiwa mtoto, nimelala na mbuzi nikiwa mke wako porini, na sasa tuko mjini bado natandika mkeka juu ya mavi ya mbuzi. Arubaini ikiisha nitamwuliza Duale kama nyumbani kuna mahali pa mkeka wangu. Akisema hakuna, mimi nakaa huko huko."

Nikamjibu kwamba atakaporudi atakuta bustani kama ya DC, nyasi za kijani, mawe meupe pembeni, na ua wa mihina kuzunguka yote. Watu wa kwenye lori wakacheka. Duale pia alicheka, na yeye ndiye dereva, kazi yake ni kutazama mbele.

Jumatano, 8 Machi

Nimewapeleka mbuzi kwa ndugu yangu nje ya mji. Yule mweupe alikataa kutembea. Kichwa kigumu kama cha Kaaha.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeng'oa boma lote la miba na kulichoma. Moshi ulimleta jirani yangu Diriye mpaka kwangu akikohoa. Diriye alikuwa dereva wa lori, sasa mgongo wake umekataa, anakaa nje siku nzima kuangalia kazi za watu. Akaniuliza iwapo mtu mwenye akili anabomoa ua kabla ua mwingine haujaota. Sasa kila anayepita barabarani, akasema, ataona mpaka sufuria zangu.

Nikamwambia nataka waone.

Jumanne, 14 Machi

Duale amepita. Samsam amejifungua msichana siku ya Jumapili. Wote wazima, alhamdulillahi. Nimempa Duale sukari na majani ya chai awapelekee. Hakuna aliyeuliza bustani imefika wapi.

Jumamosi, 18 Machi

Tatizo la Garissa ni kwamba Mungu ameipa mchanga na akasahau mawe. Lakini mimi nimefikiri jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiri. Pale malori yanapolala, matingo, wasaidizi wa madereva, huweka mawe chini ya magurudumu yasiteleze, na wakiondoka alfajiri wanayaacha. Mawe hayo yametoka kila mahali, mengine Mwingi, mengine Wajir, mengine hata hayajulikani. Nimekodi mkokoteni wa punda nikayakusanya. Tingo mmoja alinifukuza kwa sababu jiwe nililoshika lilikuwa bado linazuia lori lake. Mambo madogo.

Diriye alinitazama nikishusha. Akasema, "Waria Korane, fisi hula mifupa. Wewe umeanza kula mawe?"

Jumatano, 22 Machi

Mawe.

Alhamisi, 23 Machi

Mawe. Mgongo.

Jumatatu, 27 Machi

Leo nimeanza kupanga. Wanaotaka kujifunza wajifunze. Kwanza unachimba mfereji mwembamba, kina cha kiganja. Unashindilia chini. Unaweka jiwe likiwa limelala kwa tumbo lake, upande ulio sawa ukitazama juu, unalipiga kwa mpini wa jembe mpaka likae, kisha unajaza mchanga pande zote na kumwagia maji. Jiwe lisilochimbiwa litapigwa teke na mtoto wa kwanza anayepita. Mihina itakuja nje ya mawe, nyasi zitakaa ndani, na hivyo nyasi hazitaingia kwenye mizizi ya ua.

Diriye alileta kamba ya katani na vijiti viwili. Akasema nivute kamba ili mstari unyooke. Nilimwambia jicho hili lilikuwa likihesabu ngamia wakiwa bado ni vumbi. Akarudi kwake na kamba yake.

Alhamisi, 30 Machi

Pande mbili zimekwisha. Mstari umenyooka. Diriye anasema haujanyooka. Yeye anautazama akiwa amekaa.

Jumamosi, 1 Aprili

Leo nimemaliza, na nitaeleza vizuri kwa sababu hili ni wazo langu mwenyewe. Upande wa kusini, unaotazama barabara, nimeacha nafasi ya kuingilia. Upande wa kaskazini kuna mwarobaini wangu, mkubwa, kivuli chake hakiondoki. Nikafikiria Kaaha atakaa wapi. Basi mstari ulipofika katikati ya upande ule sikuupeleka moja kwa moja. Niliupinda nje, ukaingia chini ya matawi kama nusu ya sufuria, halafu nikaurudisha na kuendelea. Hapo katikati mkeka wake unaenea kabisa, na birika, na mgeni mmoja mwembamba. Nimeujaribu kwa mkeka wetu wa zamani. Niliketi humo nikiwa yeye. Upepo unafika. Barabara inaonekana. Kaaha anapenda kuona nani amepita na amebeba nini.

Hata kwa bendera sikufanya kazi kama hii.

Jumapili, 2 Aprili

Nimepaka mawe chokaa. Saa kumi mvua ya kwanza ya masika ikanyesha ikaiosha yote. Ndani ya mawe kukawa kweupe kama maziwa yamemwagika. Diriye alicheka mpaka akashika mgongo. Mvua ni neema, sitasema kitu.

Jumanne, 4 Aprili

Nimepaka tena. Chokaa na chumvi kidogo, ndivyo tulivyofanya kambini. Imeshika. Mawe yanaonekana kutoka sokoni.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimepanda ukoka kutoka kingo za mto, vipande vipande. Mwenye shamba la huko amenikatia pia vijiti vya mhina, magunia mawili. Hii ndiyo siri yangu. Kaaha akitaka hina lazima aombe kwa watu sokoni, unga mzee usio na rangi. Sasa atachuma kwenye ua wake mwenyewe. Vijiti nimeviweka kwenye magunia mabichi kivulini. Mvua ikishika vizuri navipanda.

Jumatatu, 10 Aprili

Jambo la ajabu. Lori la Habaswein lilisimama mchana barabarani mbele yangu. Abiria wakashuka kunyoosha miguu. Watu sita hivi wakaja moja kwa moja kwenye bustani yangu. Pale kwenye nafasi ya kuingilia wakavua viatu, wakavipanga nje. Nikasema moyoni, hawa ni watu wenye heshima, wanaogopa kukanyaga ukoka mchanga. Halafu mmoja wao, mwenye ndevu za hina, akaenda akasimama mahali pa Kaaha, akawapa wenzake mgongo, akainua mikono. Wakasali adhuhuri.

Nilikaa mlangoni na birika mkononi. Kila mtu aliyelelewa na mifugo anajua: porini hatuna kuta, tunapanga mawe chini, na upande wa Makka tunayapinda kidogo, hapo ndipo imamu anaposimama. Kutoka hapa Makka ni kaskazini. Mimi mwenyewe nimesali ndani ya mawe kama hayo tangu utoto. Na nilipokuwa nikipinda mstari wangu sikuliona hilo hata kidogo. Nilimwona Kaaha na birika.

Walipomaliza, yule mwenye ndevu akaniuliza nani amepanga mawe haya mazuri. Ningesema nini? Nikasema ni mimi. Akaniombea dua ndefu.

Alhamisi, 13 Aprili

Wamekuja tena, watu wengine. Leo adhuhuri na alasiri.

Ijumaa, 14 Aprili

Wazee wa soko la mifugo wamekuja alasiri, safu mbili. Ukoka umeanza kushika na wanasema paji la uso linapumzika juu yake. Mmoja akasema, mbele ya wote, "Odey Korane, kweli umewapa watu mahali hapa?" Walikuwa wakinitazama wote, na Diriye naye, ambaye hajawahi kunitazama hivyo. Nikasema haa, ndiyo, nimewapa. Nikaongeza kwamba nilikuwa na wazo hilo siku nyingi.

Mdomo wangu una miguu yake.

Jumamosi, 15 Aprili

Mwalimu Nimo amesoma daftari langu kuangalia mwandiko. Amesema, "Adeer, unaandika vizuri, lakini mihina utaipanda lini?" Nikamwambia ninangoja mvua. Ilikuwa inanyesha.

Nikipanda ua nafunga watu nje. Nisipopanda vijiti vinaoza. Nikimweka Kaaha pale kwenye upinde, nimemkalisha mke wangu mahali pa imamu mbele ya wanaume wa soko zima.

Jumanne, 18 Aprili

Duale amefika akitoka Sangailu, lori limepakwa tope mpaka kioo. Anasema udongo mweusi wa kule umeanza kulainika na huenda hii ndiyo safari ya mwisho kwa muda. Kaaha hakungoja arubaini iishe, alimwuliza kama alivyoahidi. Nikamwuliza Duale alimjibu nini. Akasema alimjibu alichokiona kwa macho yake: kwa Korane mbuzi hawapo, kumekuwa msikiti.

Na Kaaha amesema nini?

Duale akakuna shingo. Akasema Kaaha alimbadilisha mtoto mkono, kisha akasema hivi: "Nilimwomba mahali pa mkeka mmoja. Amepata mahali pa mikeka ya wanaume wote wa Garissa. Mwambie asali vizuri."

Nilimwambia Duale amweleze kwamba si hivyo. Akaniuliza basi ni vipi. Sikuweza kusema pale, kulikuwa na watu wakitawadha.

Ijumaa, 21 Aprili

Arubaini imekwisha leo. Barabara ya Sangailu imefungwa. Mvua usiku kucha.

Jumamosi, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Maalim Abdiwali wa duksi, ambaye watoto wote wa mtaa wamesoma Kurani kwake. Nimemwuliza kana kwamba ni mtu mwingine aliyeniuliza. Nikasema kuna mzee fulani, hodari, maarufu, alipanga mawe kwa kazi nyingine, watu wakadhani ni mahali pa sala, akaulizwa akasema haa nimewapa. Je, pamekuwa msikiti?

Maalim alitabasamu ndani ya ndevu. Akauliza, "Huyo mzee alinuia nini alipoweka jiwe?"

Nikasema alinuia mahali pa kukaa mke wake.

"Na aliposema haa, alinuia nini?"

Nikasema nadhani alinuia wamtazame.

Akapanga mbao za watoto za kuandikia. Kisha akasema mawe ni ya mzee huyo, na nia ndiyo inayohesabiwa. Lakini neno amelisema mbele ya watu, na watu wamelipokea kwa moyo safi. Basi alirudishe mbele ya watu hao hao, aeleze nia yake ilivyokuwa. Yakiisha hayo, hakuna dhambi kwa mtu.

Ushauri rahisi kabisa. Wa kumpa mzee mwingine.

Jumatatu, 24 Aprili

Leo nilitaka kuwaambia baada ya alasiri. Kulikuwa na wageni kutoka mbali. Si vizuri mbele ya wageni.

Jumanne, 25 Aprili

Leo hakukuwa na wageni. Nilisimama, nikakohoa, nikawaambia wajihadhari na jiwe la pembeni, linateleza.

Jumatatu, 1 Mei

Sikuandika. Homa ilinishika, nikatetemeka mpaka kitanda kikasogea. Leo nimetoka nje nikikumbuka mihina yangu. Siku zote hizo hakuna aliyeyamwagia maji magunia, na mvua ilikuwa imepumzika. Nilijua nitakuta kuni.

Magunia yalikuwa mabichi. Vijiti vimetoa macho ya kijani, na vingine majani. Diriye alikuwa amekaa palepale kwake, na mkebe kando ya mguu. Nikamwuliza. Akasema mgongo wake unahitaji mazoezi, basi asubuhi huinama kidogo. Halafu akasema, bila kunitazama, "Siku ile ulipokuwa unapanga nilikuona umekaa pale chini ya mti na mkeka wa Kaaha, unajimiminia chai ya hewa. Nimejua tangu siku ile. Nilikuwa nangoja uwaambie watu."

"Mbona hukusema wewe?"

"Mawe ni yako, waria. Mdomo ni wako."

Miaka mingapi nimesema huyu mtu ni mvivu. Nimempa nusu ya maziwa yangu.

Alhamisi, 4 Mei

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Alasiri ilikuwa imejaa, safu tatu. Maalim Abdiwali mwenyewe alikuja, sijui nani alimwita, na alisimama chini ya mwarobaini kutusalisha. Tulipotoa salamu kumalizia sala, kulia na kushoto, nikageuka nyuma nikaona lori barabarani. Lori gani sikulijua, lilikuwa tope tupu lenye magurudumu. Dereva alikuwa Duale. Na aliyeshuka nyuma, akishikilia ubao, sketi imekunjwa, matope mpaka magotini, alikuwa Kaaha.

Alisimama pale kwenye viatu vya watu, kama aliyekuja kujionea mwenyewe. Akatazama nyasi. Akatazama mawe, akayafuata kwa macho kutoka pembeni, upande wa kwanza, wa pili, mpaka yalipopinda chini ya mti. Hapo macho yake yakakaa. Wanaume wote walikuwa bado wameketi, shanga mkononi, hakuna aliyeelewa. Na mimi nilimjua. Dakika moja zaidi angerudi juu ya lori lile lile, hata kama lingelala matopeni wiki nzima.

Nilisimama. Magoti yalitoa sauti, kila mtu akanigeukia.

Nikasema, "Wazee wangu, niliwaambia nimewapa mahali hapa na kwamba lilikuwa wazo langu siku nyingi. Haikuwa hivyo. Mnaona pale mawe yalipopinda? Sikuwa nafikiria kibla. Ni mahali pa mkeka wa mke wangu. Nilipapima kwa birika."

Mbuzi wa mtu alilia sokoni. Uso wangu ulikuwa moto kuliko siku za homa.

Kisha Maalim, aliyekuwa amekaa hasa mahali hapo palipopimwa kwa birika, akaangalia kulia kwake, akaangalia kushoto kwake. Akasema taratibu, "Kweli, kwa imamu ni pana kidogo." Akainuka, akakung'uta kanzu, akatoka.

Diriye ndiye aliyeanza kucheka. Halafu safu ya nyuma. Halafu wote, mpaka mzee yule aliyeniuliza siku ile akafuta machozi kwa kilemba, akisema yeye ana wake wawili na hajawahi kumpangia hata mmoja jiwe, na sasa wakisikia habari hii atalala wapi. Nilikuwa tayari kwa dharau. Sikuwa tayari kwa hiki. Wakanipiga mabegani kama niliyeoa leo.

Maalim akauliza kama nina mawe yaliyobaki. Ninayo, nyuma ya nyumba, malori hayajaacha kulala Garissa. Wakayabeba wenyewe, wazee wazima wa soko la mifugo, na hata Diriye alibeba moja dogo. Wakayapanga nje ya mpaka wangu, kati ya bustani na barabara, kwenye uwanja usio wa mtu, upinde wake ukielekea kaskazini. Diriye alileta kamba ya katani. Wakaitumia. Nimewaacha, hawana jicho.

Kaaha alinawa miguu, akaingia ndani, akatoka na mkeka, akapita katikati ya nyasi bila viatu, akautandika. Akaketi. Akaupima kwa mikono, upande huu, upande huu. Nikamletea birika.

Akanywa. Akasema, "Mstari wa huku umepinda."

Nikamwambia ni mvua imeusogeza.

Ijumaa, 5 Mei

Tumepanda mihina. Mimi nachimba, Diriye anaweka, Kaaha anatuambia si hapo. Kando ya mawe yote, na upande wa barabara pia, ila nafasi ya kuingilia. Mvua ilikuja saa ile ile, ya taratibu, kama imeitwa.

Jumapili, 7 Mei

Mvua. Mihina imesimama. Mjukuu wangu anaitwa Barwaqo, nilisahau kuandika.

Jumatano, 10 Mei

Leo ni Idd ya kuchinja. Kaaha amejipaka hina, ya kuombwa sokoni, ya mwisho ya kuombwa. Nyama imegawanywa, fungu la Diriye nimelifanya kubwa naye akasema ni dogo.

Alasiri Kaaha alikuwa mahali pake na birika, na mimi ndiye yule mgeni mwembamba. Gari la Habaswein likasimama. Akashuka mtu wa makamo, mgeni kabisa, mwenye haraka ya sala. Mihina bado ni ya kufika kifundoni, haijaficha kitu, na mawe yangu meupe yanavutia kuliko yale ya wazee. Akaja, akavua viatu, akaingia hatua mbili, akainua macho kutafuta kibla. Akaona mwanamke mzee, miguu imenyooshwa, viganja vyekundu, anakunywa chai ndani ya mihrabu.

Maskini alisimama na mguu mmoja juu.

Kaaha hakuharakisha. Alimeza chai yake kwanza. Kisha akamwonyesha kwa kidole cha hina, kule nje kwenye mawe ya kamba. "Msikiti ule pale, mwanangu," akasema. "Hapa ni kwangu."